Huruma Yenye Ratiba

Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, wapiganaji wa Al-Shabaab walikivamia chuo kikuu kishiriki cha Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Watu 148 waliuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Wengi wa walionusurika walihamishiwa Eldoret, katika Chuo Kikuu cha Moi, ambacho chuo cha Garissa kilikuwa chini yake tangu 2011. Januari 2016 masomo yalianza upya, wanafunzi wakiwa wachache na ulinzi ukiwa mkali. Mwaka 2017 chuo kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili, na taratibu wanafunzi wakaanza kurudi, wenyeji na wageni.

Mimi nilikwenda kufundisha Garissa miaka michache baada ya hapo. Ni mzaliwa wa pwani, mwalimu wa Kiswahili, na kazi yangu ilikuwa kuwaandaa vijana watakaokuwa walimu wa shule za upili. Jamaa zangu waliniuliza kama sikuwa na hofu. Swali langu mwenyewe lilikuwa jingine: mtu anafundishaje ngeli za nomino na mbinu za kuandaa somo mahali ambapo kila mtu, hata aliyejiunga na chuo jana, anajua yaliyotokea? Jibu nililipata kidogo kidogo, kutoka kwa wanafunzi na kwa wenzangu waliotangulia. Huruma ya mwalimu isiyo na utaratibu humfikia yule tu mwenye ujasiri wa kuiomba. Huruma iliyopangwa, ikaandikwa katika mpango wa kozi tangu wiki ya kwanza, humfikia kila mmoja, hata yule asiyeweza kufungua kinywa chake.

Ili nieleweke, lazima nieleze ni nani walikuwa wakiketi mbele yangu. Darasa moja lilikuwa na binti wa wafugaji wa Wajir, kijana wa Mandera aliyesomea duksi, yaani madrasa ya Kurani, kabla ya kuijua shule, mtoto wa mwenye duka wa Garissa mjini, na vijana waliotoka Kitui, Kisii na Busia, ambao hawakuwahi kuuona Mto Tana kabla ya basi kuwavusha darajani. Wenyeji walibeba huzuni iliyotangulia mwaka 2015 kwa miaka mingi. Eneo hili liliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu Desemba 1963 hadi 1991. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi hapa mjini uliteketezwa na wakazi wake wakazuiliwa katika uwanja wa shule. Februari 1984 yakafuata mauaji ya Wagalla huko Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013, lakini majumbani wazee wengi waliyanyamazia, na mtoto hukua akijua kwamba kuna jambo babu haulizwi.

Kisha kuna suala la kitambulisho. Kwa miaka mingi kijana wa Kaskazini Mashariki aliyefikisha miaka 18 alipigwa msasa wa ziada mbele ya kamati kabla ya kupewa kitambulisho cha taifa, jambo ambalo Rais William Ruto alitangaza kulikomesha alipokuwa Wajir mwezi Februari 2025. Asiye na kitambulisho haombi mkopo wa elimu, hasajili laini ya simu, na kwenye vizuizi vya barabarani huteremshwa kwenye basi huku wenzake wakisubiri. Nimewahi kuwapokea darasani vijana waliochelewa kwa sababu hiyo. Huingia kimya, wakakaa nyuma, na mwalimu asiyejua hudhani ni wavivu.

Wageni nao walikuwa na mzigo wao. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa, abiria 28 wakauawa, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Krismasi. Mzazi wa Kitui au Busia halisahau jambo hilo. Jioni simu za hosteli zilikuwa zikilia, mama upande wa pili akitaka tu kusikia sauti ya mwanawe. Kwa hiyo darasa zima, mwenyeji kwa mgeni, liliingia likiwa limechoka na mambo yasiyokuwamo katika mtaala.

Funzo la kwanza nililipata kwa mwenzangu mmoja aliyekuwa Garissa tangu kabla ya shambulio. Yeye hakuwa akitoa mtihani wa ghafla hata siku moja. Kila Jumatatu aliandika ubaoni mambo yote ya wiki: kitakachosomwa, kitakachokusanywa, na kelele zitakazosikika. Ndiyo, hata kelele. Kama mafundi walikuwa wakija kugonga mabati ya jengo la jirani, au kama kungekuwa na zoezi la usalama, wanafunzi wake waliambiwa mapema, saa na mahali. Nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo. Akaniambia kwamba mtu aliyewahi kushtukizwa na kifo, au aliyelelewa na watu walioshtukizwa, mwili wake hubaki ukingoja mshtuko mwingine. Nusu ya akili yake iko mlangoni. Ukimpa siku anayoweza kuitabiri, unamrudishia ile nusu, naye anaweza kuileta kwenye kitabu.

Nikafuata njia hiyo. Kila kipindi changu kilikuwa na umbo moja: kukumbushana tulipoachia, somo lenyewe, kazi ya wawili wawili, kisha dakika mbili za kuandika. Mlango ulikaa wazi, na viti vya karibu nao vilikuwa vya yeyote anayevihitaji, bila kuulizwa sababu. Aliyetaka kutoka kupumua alitoka na kurudi, na hakuna aliyegeuza shingo. Mambo haya ni madogo mno hata mtu anaweza kuona haya kuyaita mbinu za ufundishaji, lakini nimeyaona yakifanya kazi. Binti mmoja aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha mlangoni muhula mzima alihamia safu ya katikati muhula uliofuata. Hakusema neno, wala mimi sikusema.

Funzo la pili lilihusu majina. Jina la mwanafunzi Msomali ni nasaba: lake, la baba yake, la babu yake. Katika darasa la Garissa ukiita Mohamed, vichwa vingi vitainuka. Ukiita Mohamed Abdi, vitapungua kidogo tu. Mpaka ulitaje jina la tatu ndipo utakuwa umemwita mtu. Nilijifunza majina yote matatu ya kila mmoja, na kwa wale wa bara nikajifunza jina wanaloitwa nyumbani. Kazi hiyo inachosha katika darasa kubwa, na nilisaidiwa na viongozi wa darasa. Faida yake ni kwamba mtu anayejulikana kwa jina hujulikana pia anapokosekana. Aliyekosa vipindi viwili mfululizo alipata ujumbe mfupi kwenye simu: "Hukuonekana wiki hii. Natumaini u salama. Tulisoma sura ya nne. Mwenzako ana nakala." Ujumbe haukudai maelezo wala haukutishia chochote.

Majibu yaliyokuja yalinifundisha mengi. Mmoja aliniandikia, "Maalim, mama amelazwa, nitarudi Jumanne." Mwingine hakujibu kabisa, lakini Jumanne alikuwapo. Chuoni vijana huitana makomredi na hupenda kuonekana wagumu. Huyo komredi mgumu ndiye anayeweza kutoweka wiki tatu bila mtu kuuliza, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anajua aliko. Ujumbe mmoja mfupi huondoa dhana hiyo.

Tatu ni saa. Garissa ni mji wa joto. Mchana wa Februari au Machi kipimajoto hupita nyuzi 36 bila shida, na darasa la saa nane chini ya bati ni mtihani peke yake. Nilijitahidi kuweka mambo mazito asubuhi: nadharia, mitihani midogo ya muhula, kazi za kupewa alama. Alasiri tulifanya majadiliano, tulisoma kwa sauti, tulifanya mazoezi ya kufundishana. Wakati wa sala ya adhuhuri kipindi kilisimama bila mtu kuomba ruhusa, na wasiosali walipata mapumziko yale yale. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nikiukagua kwenye kalenda kabla muhula haujaanza, kwa sababu hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka na mwalimu asiyeuangalia hujikuta ameweka mtihani saa kumi jioni, saa ambayo mfungaji amebakiwa na nguvu ya kungojea futari tu. Kuupanga muhula kwa kuitazama miili ya wanafunzi hakugharimu chuo hata shilingi.

Jambo la nne ndilo ninaloulizwa zaidi na wahadhiri wenzangu, nalo ni siku za akiba. Katika mpango wa kozi niliandika kwamba kila mwanafunzi ana siku kadhaa za kuchelewesha kazi, azitumie apendavyo katika muhula, zote kwa mara moja au mojamoja. Hakuhitaji barua ya hospitali, wala ya chifu, wala kuja ofisini. Aliandika tu juu ya karatasi, "natumia siku mbili," ikatosha.

Kwa nini bila sababu? Waswahili husema mficha uchi hazai, na ni kweli kwamba anayeficha shida yake hukosa msaada. Lakini vyuoni tumeigeuza methali hii kuwa sharti: mwanafunzi ajivue mbele ya mhadhiri ndipo aongezewe siku. Mwenye ulimi mwepesi hufaulu. Binti aliyefundishwa kwamba mambo ya nyumbani hayatolewi nje hushindwa. Kijana ambaye baba yake amepoteza mifugo yote hushindwa, kwa kuwa kwao kusimulia umaskini ni fedheha. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilikauka mfululizo, na nilikuwa na wanafunzi ambao karo yao ilikuwa mbuzi na ng'ombe waliolala wamekufa kandokando ya njia. Sikuhitaji kuwasikia wakieleza ili niamini. Nilihitaji kuwa nimeacha nafasi kabla hawajaihitaji.

Novemba 2023 mpango huo ulipimwa. Mvua za El Niño ziliufurisha Mto Tana, barabara ya kwenda Nairobi ikakatika upande wa Madogo, na watu wakawa wanavushwa kwa boti. Aprili 2024 maji yakarudi, na boti iliyojaa abiria ikazama huko huko Madogo, watu wakafa. Wanafunzi waliokuwa ng'ambo walikwama. Waliokuwa mjini walikuwa na ndugu ambao nyumba zao zilikuwa ndani ya maji. Katika kozi zangu hapakuwa na foleni ya kuomba muda zaidi, wala uvumi wa nani amependelewa. Siku za akiba zilikuwapo tayari, tukaongeza nyingine kwa tangazo moja kwa darasa zima, na masomo yakaendelea.

Najua hoja inayopinga haya, na ni hoja ya watu makini. Husema kwamba ukiwabembeleza wanafunzi utatoa walimu dhaifu, na mtoto wa mfugaji wa Ijara anastahili mwalimu hodari kuliko mtoto mwingine yeyote, kwa sababu hana wa kumfidia nyumbani. Nakubaliana na nusu ya pili ya hoja hiyo kwa moyo wangu wote. Ndiyo maana sikupunguza kurasa za kusoma, sikupandisha alama, na insha mbovu niliirudisha iandikwe upya. Kilicholegea ni muda, kiwango kilibaki palepale. Tena insha iliyochelewa siku mbili na kuandikwa na mtu aliyelala usingizi ilikuwa bora kuliko ile iliyokusanywa kwa wakati saa nane usiku kwa mwanga wa simu. Ugumu wa kazi humjenga mwanafunzi. Ugumu wa masharti yasiyo na maana humchosha tu, na uchovu si elimu.

Zile dakika mbili za mwisho wa kipindi ndizo zilizonifungua macho zaidi. Kila mmoja aliandika kwenye kipande cha karatasi, bila jina akipenda, jambo alilolielewa na jambo linalomkwaza. Nilitarajia maswali ya sarufi, nikayapata. Nikapata na mengine. Karatasi moja ilisema tu, "Njaa." Nyingine: "Sijalala tangu juzi." Nyingine: "Nataka kuuliza swali lakini Kiswahili changu watanicheka." Kila wiki nilianza kipindi kwa kujibu baadhi ya karatasi hizo mbele ya wote, bila kumtafuta aliyeandika. Kuhusu kuchekwa, tuliweka kanuni kwamba anayejaribu sentensi hasahihishwi mpaka aimalize. Kuhusu usingizi, nilitenga sehemu ya kipindi kimoja kueleza jinsi ubongo unavyoihifadhi kumbukumbu mtu akiwa amelala, na kwa nini kukesha usiku wa kuamkia mtihani ni kuyamwaga maji uliyoyachota. Nilizungumza wazi pia juu ya miraa, maana wapo wanaoitafuna ili wasilale, kisha wiki nzima hawali vizuri wala hawatulii.

Njaa haikuwa na jibu la darasani. Mkopo ukichelewa, mwanafunzi hunywa chai ya rangi mchana na kuiita chakula. Nilifanya nililoweza: nilimpelekea taarifa afisa anayeshughulikia maslahi ya wanafunzi bila kumtaja mtu, na darasa lenyewe likaanzisha mchango wa kila mwezi, mdogo mno, ambao mweka hazina aliutoa kwa siri. Mwenye kupewa hakujulikana. Baadaye nilielezwa kwamba wenyeji walishawishika haraka kwa sababu kwao kuchangiana ni desturi ya zamani. Jamaa akipoteza mifugo, ukoo humkusanyia wa kuanzia. Wageni nao walikuwa na vyama vya kuzikana vya makwao. Darasa liliunganisha desturi mbili ambazo kila upande ulikuwa nazo. Tunapozungumzia kujitunza, vitabu vingi humwonyesha mtu akiwa peke yake, amefunga mlango, anapumzika. Kaskazini Mashariki nimeona kwamba mtu hujitunza vyema akiwa na watu wanaomtunza.

Ndiyo sababu nilipanga wanafunzi wawili wawili, mwenyeji na mgeni, kwa muhula mzima. Kila mmoja alikuwa na wajibu wa kumchukulia mwenzake nakala na kuuliza habari zake asipoonekana. Wapo waliohofu kwamba dini zitagongana. Kwa hao nilizoea kumtaja mwalimu Salah Farah. Tarehe 21 Desemba 2015 alikuwa ndani ya basi lililoshambuliwa karibu na El Wak, akisafiri kurudi Mandera. Washambuliaji walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa, na Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, akapigwa risasi. Alifariki Januari 2016, mwezi ule ule chuo cha Garissa kilipofunguliwa upya, na baadaye taifa likamtunukia nishani. Wanafunzi wangu watakuwa walimu. Nilitaka wajue kwamba katika kazi yao kuna mtu aliyekufa akikataa kuwahesabu abiria wenzake kwa dini, na kwamba kumbebea mwenzako nakala za somo ni hatua ndogo katika njia hiyo hiyo.

Funzo jingine lilitoka nje ya mji. Kiasi cha kilomita 100 kutoka Garissa mjini ziko kambi za Dadaab, zilizofunguliwa 1991 na 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa Somalia. Walimu wengi wa shule za kambini walikuwa wenyewe wakimbizi waliomaliza shule ya upili tu. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Kenyatta, Moi, na vyuo viwili vya Kanada, York na British Columbia, vilianzisha kwa pamoja mradi wa BHER wa kuwapa walimu hao na wenyeji wa Dadaab elimu ya chuo kikuu, sehemu ana kwa ana na sehemu kwa mtandao. Nilipozungumza na baadhi ya waliopitia masomo hayo, jambo lililonigusa ni jinsi yalivyojengwa kwa hatua. Cheti kilikuwa hatua inayosimama peke yake, kisha stashahada, kisha shahada. Mwanafunzi aliyelazimika kusimama kwa sababu amejifungua, amepata safari ya kwenda kuishi nchi ya mbali, au ameuguliwa, hakuondoka mikono mitupu.

Fikiria maana ya jambo hilo kwa watu walioishi bila uhakika wa kesho. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba Dadaab itafungwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi huo. Kati ya tarehe hizo mbili watu walifanya kazi za masomo huku hawajui kama muhula ujao watakuwa katika nchi hii. Kozi isiyotambua chochote mpaka mwisho wa miaka minne humwambia mtu kama huyo kwamba juhudi zake zinaweza kufutika zote kwa pigo moja. Kozi yenye hatua humwambia kwamba alichokwisha kukipata ni chake. Baada ya mazungumzo hayo niliigawanya kazi yangu kubwa ya mwisho wa muhula katika vipande vinne, kila kimoja kikiwa na alama zake. Aliyeanguka katika kimoja hakupoteza vyote.

Lazima pia niseme mwalimu anapaswa kuishia wapi. Mimi si mshauri nasaha wala daktari. Mwanafunzi aliponiambia kwamba hataki tena kuishi, sikumpa hotuba. Nilimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, nikamsikiliza, nikakaa naye, na nikamsindikiza mwenyewe kwa mtaalamu, maana kumwelekeza mtu wa namna hiyo kwa kidole ni kumwacha. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, isiyotozwa malipo, ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango wa kozi, chini ya orodha ya vitabu. Kwa wengine mlango wa kwanza ulikuwa imamu au mchungaji, nami niliwajua viongozi kadhaa wa dini waliokuwa tayari kumsikiliza kijana bila kumhukumu na kumpeleka hospitali inapobidi.

Ukimya juu ya mambo haya ulikuwa na sababu ya kisheria pia. Kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Nani angefungua kinywa? Mwaka 2020 jopo la kitaifa chini ya Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya taifa. Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Siku habari hiyo ilipotoka niliisoma darasani na kuieleza, ili pasiwe na mwanafunzi anayenyamaza kwa kuogopa polisi.

Nimebakiza mwalimu mwenyewe. Mwandishi Mmarekani bell hooks, katika kitabu chake Teaching to Transgress cha 1994, anasisitiza kwamba mwalimu anayetaka kuwajenga wanafunzi lazima ashughulikie kwanza ustawi wake. Garissa nililiona hilo kwa macho. Wenzangu waliodumu ni wale waliokuwa na meza ya chai. Asubuhi, kabla ya vipindi, tulikunywa chai ya maziwa yenye hiliki, na anjera, wenyeji na wageni pamoja, na kila mmoja alieleza usiku wake ulikuwaje. Aliyepokea habari nzito kwa mwanafunzi aliisimulia bila jina, akapata ushauri, akapungukiwa na mzigo. Tulikubaliana pia kwamba baada ya saa tatu usiku simu ya masomo inazimwa, isipokuwa la dharura. Wanafunzi walituona tukilala, tukila, tukienda kuswali au kanisani, tukitembea jioni kando ya mto jua likipungua makali. Watakaokuwa walimu hujifunza zaidi kwa kututazama kuliko kwa kutusikiliza.

Kwa hiyo nawaambia wahadhiri wenzangu, wa Garissa na wa kwingineko: msingoje bajeti, msingoje warsha, msingoje msiba. Vyuo vinahitaji washauri nasaha wengi zaidi, na tuendelee kuwadai. Lakini mwanafunzi humwona mshauri mara moja kwa muhula kama amebahatika, na wewe anakuona kila wiki. Kabla muhula ujao haujaanza, chukua mpango wako wa kozi na uandike humo siku za akiba. Gawanya kazi kubwa. Tazama kalenda ya mfungo na ya mvua. Andika namba ya msaada palepale penye orodha ya vitabu. Jifunze majina. Kisha siku ya kwanza ya darasa uwasomee wote, kwa sauti, kama unavyowasomea kanuni za mtihani. Yule anayehitaji zaidi hatakuja kukuomba. Mpe kabla hajaomba, na umpe pamoja na wenzake wote, ili asionekane anapewa.